Msongo Ukiwa Namba: Uhakiki wa Lugha ya Vihisi Vinavyovaliwa katika Safari ya Kupata Nafuu ya Uraibu

Ikisiri

Vihisi vinavyovaliwa mkononi au kubandikwa mwilini vimeanza kutumiwa kufuatilia msongo wa watu wanaopata nafuu ya uraibu wa dawa za kulevya. Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kuvieleza vihisi hivyo, hasa dai kwamba vinapima msongo. Hoja kuu ni kwamba kihisi hupima msisimko wa mwili, ilhali istilahi ya Kiswahili msongo wa mawazo inataja jambo ambalo shahidi wake wa kwanza ni mwenye mawazo. Kwa kurejelea tafiti zilizofanyika Massachusetts na Baltimore nchini Marekani, pamoja na msamiati wa waraibu wa Afrika Mashariki, makala yanaonesha kuwa tafsiri isiyo makini inaweza kuhamisha mamlaka ya ushuhuda kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine. Yanapendekeza matumizi ya istilahi mbili zilizotenganishwa.

Maneno ya msingi: uraibu, msongo, msisimko, kihisi, istilahi, arosto

1.0 Utangulizi

Mtu anayeacha heroini, pombe au kokeini hupitia vipindi ambavyo hatari ya kurudia matumizi huwa kubwa kuliko vipindi vingine. Kwa muda mrefu msongo umehesabiwa kuwa miongoni mwa vichocheo vya vipindi hivyo. Tatizo la tiba ya kawaida ni la saa na siku: mshauri hukutana na mgonjwa Jumanne asubuhi, lakini hamu humjia mgonjwa Jumamosi usiku, akiwa peke yake, jirani na kijiwe alichokizoea. Kihisi kinachovaliwa kinaahidi kuziba pengo hilo. Hukaa mwilini mchana na usiku, husoma ngozi na moyo, na kikiona dalili fulani hutuma ujumbe kwenye simu ya mvaaji au ya mtu mwingine.

Ahadi hiyo haina budi kuchukuliwa kwa uzito, kwa kuwa ukanda wa Afrika Mashariki una sababu zake za kuisikiliza. Huduma ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, na baadaye huduma za namna hiyo zikafunguliwa Zanzibar, Kenya na Uganda. Sambamba nazo zipo nyumba za upataji nafuu, ambamo walioacha huwasaidia wanaoacha. Vihisi vinavyojadiliwa hapa havijawa sehemu ya kawaida ya huduma hizo, na kwa sababu hiyo huu ndio wakati unaofaa kuhakiki lugha yake. Jina likishazoeleka katika fomu za ridhaa, katika mafunzo ya wauguzi na katika simu za wagonjwa, kulibadilisha huwa kazi ngumu.

Uhakiki huu hauhukumu vihisi kama vyombo. Unahoji sentensi moja inayorudiwa katika maelezo yake: kwamba kifaa hiki kinapima msongo.

2.0 Kihisi Hupima Nini?

Vihisi vingi vya aina hii hutegemea ishara mbili. Ya kwanza ni upitishaji wa umeme wa ngozi. Tezi za jasho, hasa za viganja na nyayo, huamrishwa na mfumo wa neva wa simpathetiki, yaani mfumo unaouandaa mwili kupambana au kukimbia. Mfumo huo ukichangamka, tezi hutoa unyevu, na ngozi yenye unyevu hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Ishara ya pili ni mapigo ya moyo na, muhimu zaidi, tofauti za muda kati ya pigo moja na jingine. Moyo uliotulia haupigi kama saa ya ukutani. Muda kati ya mapigo hurefuka na kufupika pamoja na pumzi. Mwili ukiwa katika hali ya tahadhari, tofauti hizo kwa kawaida hupungua.

Maarifa haya si mapya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Carl Jung na wenzake katika hospitali ya Burghölzli, Zurich, walimsomea mtu orodha ya maneno huku galvanometa ikionesha mabadiliko ya umeme wa ngozi yake. Kwa wanaisimu, jaribio hilo lina uzito wa pekee, kwani kilichoitikisa sindano kilikuwa neno. Hata hivyo, sindano ilionesha tu kwamba neno fulani limemgusa msikilizaji. Haikueleza kama limemgusa kwa huzuni, kwa aibu au kwa mapenzi. Ili kujua hayo, Jung alilazimika kuuliza.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, chombo kimekuwa kidogo na kizuri zaidi, lakini mpaka huo haujahama. Ngozi hutoa jasho kwa hofu, na pia kwa furaha, kwa ngazi za ghorofa, kwa goli la dakika ya mwisho na kwa joto la Januari katika mwambao wa Bahari ya Hindi. Kwa mgonjwa wa uraibu kuna ugumu wa ziada unaotokana na tiba yenyewe. Kutokwa na jasho jingi ni miongoni mwa athari zinazojulikana sana za methadoni. Hivyo basi, mtu anayekunywa dozi yake kila siku kwa uaminifu anaweza kuonekana na kihisi kuwa mtu mwenye dhiki, na dalili inayomponza ikawa ni dalili ya utiifu wake.

Istilahi inayostahili ishara hizi ni msisimko wa mwili. Neno msisimko halisemi kama jambo ni jema au baya. Mtu husisimka kwa habari njema na husisimka kwa tishio. Kihisi nacho, kwa asili yake, hakina uwezo wa kutofautisha kati ya hayo mawili bila msaada kutoka nje.

3.0 Msongo, Mkazo, Mfadhaiko

Dhana inayotafsiriwa kuwa msongo iliingia katika tiba kutoka lugha ya wahandisi, ambao walihitaji jina la nguvu inayoikandamiza nondo au boriti. Hans Selye, aliyeeleza mwaka 1936 jinsi miili ya panya ilivyoitikia kwa namna moja madhara ya aina mbalimbali, ndiye aliyelieneza neno hilo katika elimu ya mwili. Baadaye alikiri kwamba uteuzi wake haukuwa sahihi kwa wahandisi, kwa kuwa yeye alikuwa akizungumzia kinachotokea ndani ya kitu kilichokandamizwa, wala si nguvu inayokandamiza. Lugha nyingi za Ulaya zililipokea neno hilo jinsi lilivyo, pamoja na utata wake.

Kiswahili kilichukua njia nyingine, nacho kina majina kadhaa. Mkazo, kutokana na kitenzi kaza, linawahudumia wanafizikia na pia wanaisimu, ambao hulitumia kwa silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi. Shinikizo limekaa na damu, kama katika shinikizo la damu. Mfadhaiko hutaja kuvurugika kwa utulivu wa mtu. Jina lililoshinda katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, ni msongo wa mawazo, kutokana na kitenzi songa, chenye maana ya kubana na kukandamiza. Watu husongamana kwenye daladala, na mawazo husongamana kichwani.

Uteuzi huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika Kiswahili cha kawaida, kusema kwamba fulani ana mawazo si kusema kwamba ana fikra nzuri. Ni kusema kwamba ana jambo linalomsumbua: kodi ya nyumba, mtoto mgonjwa, ndugu asiyepokea simu. Istilahi msongo wa mawazo imeliweka jambo hilo mahali maalumu. Haikuliweka katika tezi za jasho wala katika mshipa wa damu. Imeliweka katika mawazo, na mawazo yana mwenyewe.

Kwa hiyo, fomu ya ridhaa inayosema kwamba kifaa hiki kitapima msongo wako wa mawazo inamwambia msomaji wa Kiswahili jambo zito kuliko alilokusudia mtengenezaji. Inamwambia kwamba kuna mashine inayoona mawazo yake. Mtu aliyewahi kukimbizwa na polisi, kupekuliwa na ndugu na kushukiwa na majirani anaweza kuisoma sentensi hiyo kwa hofu. Anaweza pia kuisoma kwa matumaini yasiyo na msingi, akaacha kumweleza mshauri yanayomsibu kwa kudhani kuwa kifaa kimeshamweleza.

4.0 Arosto, Hamu na Nafuu

Waraibu wenyewe wamekwisha kuunda msamiati wenye mipaka iliyo wazi, na mhakiki wa istilahi hawezi kuupuuza kwa kuwa tu umezaliwa vijiweni. Neno arosto, linalosikika Tanzania na pwani ya Kenya, hutaja mateso ya mwili uliokosa heroini: maumivu ya viungo, miayo, mafua, kuhara, jasho na vipele vya baridi. Arosto humshika mtu. Katika sarufi ya neno hili, mtu ni mtendwa. Hamu ina sarufi tofauti. Mtu ana hamu, au hamu inamjia, na inaweza kumjia miezi mingi baada ya arosto kwisha, akiwa na afya njema, kwa sababu tu amepita mtaa fulani au amesikia wimbo fulani. Mawazo nayo ni jambo la tatu. Mtu husongwa na mawazo bila kuwa na hamu, na wakati mwingine hupata hamu katika siku yake ya furaha kuliko zote, siku ya mshahara au ya harusi.

Tofauti hizi tatu zina manufaa ya kitabibu. Kipimo cha hospitali kinachotumika duniani kukadiria ukali wa dalili za kukosa afyuni kina vipengele 11. Mapigo ya moyo na jasho vimo, lakini vimo pia maumivu ya mifupa na wahaka, ambavyo muuguzi hawezi kuvikamilisha bila kumsikiliza mgonjwa. Kipimo hicho kimejengwa juu ya macho na masikio kwa pamoja. Kihisi kinachukua sehemu ya macho na kuiacha sehemu ya masikio. Kisha matokeo yake yanapewa jina moja, msongo, ambalo linafunika arosto, hamu na mawazo kwa shuka moja.

Neno nafuu lenyewe linastahili kutajwa. Wazungumzaji hawasemi kwa urahisi kwamba mraibu amepona. Husema amepata nafuu. Kupona hufunga jambo. Nafuu ina viwango: kuna nafuu ya jana na nafuu ya leo, na anayeipima ni yule aliyekuwa akiumwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

5.0 Mashine Hufundishwa na Nani?

Watetezi wa vihisi wanaweza kujibu kwamba ujifunzaji wa mashine umekwisha kuuvuka udhaifu wa ishara ghafi. Jibu hilo linahitaji kupimwa kwa ushahidi. Katika utafiti wa majaribio uliochapishwa mwaka 2020, Stephanie Carreiro na wenzake huko Massachusetts waliwavisha watu 30 waliokuwa katika tiba ya uraibu kihisi cha mkononi kwa siku 4. Washiriki walitoa taarifa kila walipopata msongo au hamu, na programu ikafundishwa kuoanisha taarifa hizo na ishara za mwili. Programu iliweza kutenganisha nyakati za msongo, za hamu na za utulivu kwa usahihi uliozidi asilimia 70. Kwa utafiti mdogo wa mwanzo, hayo ni mafanikio ya kweli.

Lakini muundo wa utafiti huo unafichua jambo ambalo lugha ya matangazo hulificha. Programu ilijuaje kwamba dakika fulani ilikuwa dakika ya msongo? Iliambiwa na mvaaji. Neno la mgonjwa ndilo lililokuwa kipimo cha ukweli, na usahihi wa mashine ulihesabiwa kwa kulinganisha jibu lake na neno hilo. Mashine ni mwanafunzi wa ushuhuda wa mtu. Ikitokea baadaye kwamba mgonjwa anasema yuko salama na kifaa kinasema ana msongo, kumwamini mwanafunzi dhidi ya mwalimu wake kunahitaji hoja, na hoja hiyo haiwezi kuwa usahihi, kwa maana usahihi wenyewe ulikopwa kwa mwalimu.

Hesabu nayo inataka tahadhari. Ichukuliwe, kwa mfano tu, siku yenye saa 16 za kuwa macho, na kati ya hizo saa 1 ni ya msongo. Ikiwa kifaa hupatia mara 80 kati ya 100 kwa nyakati za msongo na vivyo hivyo kwa nyakati za utulivu, basi kitazitambua dakika 48 za msongo. Katika saa 15 zilizobaki kitakosea kwa dakika 180. Kati ya dakika 228 za kengele, dakika za kweli hazifiki robo. Kifaa chenye sifa nzuri katika maabara kinaweza kuwa mlalamishi wa kudumu mtaani.

Tena, uhusiano wenyewe kati ya msongo na matumizi haujanyooka. Kenzie Preston, David Epstein na wenzao wa taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza matumizi ya dawa za kulevya waliwafuatilia wagonjwa wa methadoni huko Baltimore kwa vifaa vya mkononi vilivyouliza maswali mara kwa mara na kurekodi mahali walipo. Watafiti walitarajia kwamba mitaa iliyochakaa ingeambatana na msongo na hamu zaidi. Kilichojitokeza kilikuwa kinyume: katika mitaa hiyo washiriki waliripoti hamu na msongo mdogo zaidi. Mahali ambapo mgeni huona hatari pengine ndipo mwenyeji anapofahamika kwa jina. Ugunduzi huo haukutokana na ngozi. Ulipatikana kwa sababu watu waliulizwa na wakajibu.

6.0 Kengele Inamlilia Nani?

Swali la mwisho, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni la msomaji wa ishara. Maneno kufuatilia na kufuatiliwa yana historia chungu kwa mraibu. Nchini Marekani zipo bangili za kifundoni, kama ile ya SCRAM, zinazopima pombe katika jasho kwa amri ya mahakama. Chombo hicho hakijifanyi kuwa rafiki. Kinajulikana kuwa ni mlinzi. Hatari ya kihisi cha msongo ni kwamba kinaweza kuingia kama rafiki na kubadilika kuwa mlinzi bila kubadilisha jina. Ujumbe uliokusudiwa mvaaji huelekezwa kwa mshauri, kisha kwa familia inayolipa gharama, kisha kwa mwajiri anayetaka uhakika.

Katika nchi nyingi za ukanda huu matumizi ya dawa za kulevya yenyewe ni kosa la jinai. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo: Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinatoa msingi wa kulinda taarifa za afya, lakini ulinzi wake unategemea ridhaa, na ridhaa inategemea mtu kuelewa alichokubali. Hapo ndipo istilahi inapogeuka kuwa suala la haki. Aliyekubali kupimwa jasho hajakubali kusomwa mawazo, na aliyeandikiwa msongo wa mawazo katika fomu hajaelezwa kwamba kinachopimwa ni jasho.

Mfano bora unaonesha kwamba njia nyingine inawezekana. Mwaka 2025 David Eddie na wenzake, pia wa Massachusetts, walichapisha jaribio lililohusisha watu wazima 115 waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza wa kupata nafuu. Kundi moja liliendelea na tiba yake ya kawaida. Jingine liliongezewa kibandiko kilichosoma mapigo ya moyo na kumwongoza mvaaji kupumua polepole. Kwa wiki 8, kundi lenye kibandiko lilikuwa na hisia mbaya chache, hamu ndogo na siku chache za matumizi. Mhakiki anaweza kusema kwamba wiki 8 ni muda mfupi, na kwamba kundi la ulinganisho halikupewa kifaa chochote, hivyo matarajio ya wavaaji yanaweza kuwa yamechangia. Hata hivyo, mwelekeo wa ishara unafaa kusifiwa. Kibandiko hakimshitaki mtu kwa wengine. Kinamrudishia mwili wake mwenyewe na kumpa la kufanya: pumua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba dai la kupima msongo linaunganisha vitu viwili ambavyo Kiswahili kina uwezo wa kuvitenganisha. Inapendekezwa kwamba istilahi msisimko wa mwili itumike kwa kila kinachosomwa na kihisi, na kwamba msongo wa mawazo ibaki kuwa jina la kile ambacho mtu mwenyewe amekitaja. Wafasiri wa fomu za ridhaa wanaweza kuandika kwa lugha nyepesi isiyo na utata: Kifaa hiki kinapima jasho na mapigo ya moyo wako. Mabadiliko yake yanaweza kutokana na msongo, joto, mwendo, furaha au dawa unayotumia. Wewe ndiye utakayesema ni lipi. Vilevile, maneno ya waraibu kama arosto na hamu yaingizwe katika orodha za maswali pamoja na maana zake kamili, na watumiaji wa huduma washirikishwe katika kuzithibitisha.

Vyama na mabaraza ya Kiswahili vimezoea kuunda istilahi baada ya chombo kufika sokoni. Katika suala hili muda bado upo. Mtu mwenye siku yake ya arobaini bila unga anastahili kuulizwa anajisikiaje kabla simu yake haijamjibia, na anastahili kuulizwa kwa neno analolijua.